Mabaharia wa Seattle msimu huu: bado tuna nyama chunguni au tumebaki na mchuzi?

Kuli wa Kilindini

Asalaam alaykum wote, na Ramadhani njema kwa waliofunga, wasiofunga mtuvumilie na njaa zetu. Saizi ni saa sita kasorobo usiku, nimetoka tarawehe nimekaa hapa barazani Mwembe Tayari na kahawa tungu, simu nimeiegemeza kwa birika nawatizama Seattle Mariners, timu ya besiboli ya Marekani, wakicheza mechi ya mazoezi huko Peoria, Arizona. Kule ni saa nane kasorobo mchana, jua mpaka wachezaji wanafinya macho, huku kwetu ndo kwanza mji umeamka. Mechi za kambi za mchana zaanza kama saa tano na dakika kumi usiku wetu na zile za jioni zaangukia daku, yaani ni kama ratiba walipanga na sisi. Mke wangu mwaka jana alikua akiniuliza hawa wazee ni kina nani wanatafuna mbegu na kutema kutwa nzima, sasa hivi yeye mwenyewe ajua Cal, mdakaji wetu wa nyuma ya mpigaji, ni yupi, amwita "yule mnene wa kuchuchumaa".

Kwa wasionijua, mimi nafanya bandarini, kazi yangu ni kufunga na kufungua makontena melini. Shemeji yangu yuko Kent, kusini mwa Seattle, yuwaendesha lori, mwaka 2019 alikuja likizo akaniletea kofia ya buluu ina dira mbele. Nikamuuliza hii ni ya nini, akasema ni timu ya besiboli, jina lao Mabaharia na uwanja wao uko karibu na gati la makontena. Nikamwambia basi umemaliza, mji wa bandari, timu ya mabaharia, mimi kuli, nitashabikia nani mwengine? Sikujua kua nimejitwika timu pekee kati ya zile 30 ambayo haijawahi kufika World Series, yaani fainali ya ubingwa, tangu ianze mwaka 1977. Shemeji hilo hakunambia, hata namdai.

Sasa twende kwa mwaka jana, 2025, maana bado una moto. Tulishinda mechi 90, tukachukua kundi letu mara ya kwanza tangu 2001. Ile mechi ya tano ya mtoano na Detroit Tigers, huku ilikua Jumamosi tarehe 11 Oktoba, ilianza saa tisa na kitu usiku nikasema natizama kidogo nilale. Ikaenda iningi 15, yaani zamu 15 za kupiga kwa kila timu, kawaida ni 9, nje kukapambazuka, watoto wakaamka wakaletewa chai na mahamri, mimi bado nimekaa pale pale na vesti na kikoi, saa mbili imepita kidogo ndo Jorge Polanco akapiga ule mpira ukapita katikati na J.P. Crawford akaingia nyumbani na bao la ushindi, 3-2. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Halafu Toronto. Hapo mwenye kushinda mechi nne ndo aenda World Series. Tukaongoza kwa mechi 2-0, tena 3-2, twataka moja tu. Mechi ya saba usiku wa kuamkia tarehe 21, siku ya Mashujaa ndo imetoka, tuko mbele 3-1 iningi ya saba, tumebakisha kuwatoa watu wanane tu tuingie World Series. Bryan Woo amechoka, ameacha watu wawili wa Toronto kwenye besi, vile vituo mpigaji akimbilia mpaka arudi nyumbani kwa bao. Andrés Muñoz, mrushaji wetu wa kufunga duka mwisho wa mechi, yuko. Meneja Dan Wilson akamwita Eduard Bazardo. George Springer akaupiga ule mpira nje ya uzio, 4-3, na ndo ilivyoisha. Siku hiyo kazini nilirudi kukaza vyuma vya kontena ambalo nimelikaza mwenyewe dakika tano nyuma, foromani akanitizama tu hakusema kitu.

Sasa swali langu ndo hili. Polanco kaenda New York Mets. Eugenio Suárez, aliepiga homurani (mpira wa kupita uzio) 49 mwaka jana ukijumlisha zile za Arizona na zetu, yule alietupigia ile ya watu wanne mechi ya tano na Toronto, karudi Cincinnati Reds. Hao ni watu wawili walokua wanapiga katikati ya mpangilio. Waliobaki juu ni Cal Raleigh, Julio Rodríguez na Josh Naylor. Naylor nashukuru alisaini tena, miaka 5 kwa dola milioni 92.5, na jamani yule mtu mfupi mnene aliiba besi 30 mwaka jana, yaani kukimbilia besi ya mbele bila mpira kupigwa, 19 akiwa kwetu na hakukamatwa hata mara moja, sijui huwa wanamwonea haya. Tukamleta na Brendan Donovan kutoka St. Louis Cardinals, mtu wa heshima, mwaka jana alichaguliwa All-Star, timu ya nyota wa ligi, lakini si mtu wa kupiga mpira ukatoka uwanjani kila wiki.

Yaani mimi nikiliangalia chungu hili naona vipande vitatu vya nyama juu juu, ukichovya mwiko chini yaja mchuzi. Mrushaji wa timu pinzani akili yake itakua ni moja, nyinyi watatu niwape besi ya bure nikihitaji, nimalizane na wale wa chini. Nakosea? Mwaona vipi kikosi?

Fundi AC Tudor

Wa alaykum salaam kuli. Wakosea, na nakuambia kwa nini.

We walia na wapigaji, mtu yeyote alieishi na Seattle ajua kuwa ule uwanja si wa wapigaji. T-Mobile Park ina paa lakini paa lenyewe ni mwavuli tu, linafunika mvua, kuta ziko wazi, hewa ya bahari yaingia inavyotaka. Na mimi hewa baridi ndo kazi yangu miaka kumi na nne. Hewa baridi ni nzito kuliko ya moto, vijitone vyake vimebanana, mpira ukipita mle ni kama wakimbia na maji ya magotini pale Mama Ngina. Ule mpira ambao Arizona watoka nje, Seattle mwezi wa nne wafia mikononi mwa mtu akiwa ameegemea uzio. Ndo mana wapigaji wakubwa wakiwa huru kuchagua hawaji Seattle, na si mambo ya pesa peke yake.

Kwa hivyo sisi twajengwa na warushaji, si leo, ndo sera ya kina Jerry Dipoto, mkuu wa mambo ya besiboli klabuni, miaka yote hii. Na mwaka jana hao warushaji walikua wodini! George Kirby alianza msimu bega linauma. Logan Gilbert mkono ukamsimamisha tangu mwisho wa Aprili mpaka Juni. Bryce Miller kiko cha mkono kilimweka nje mara mbili. Alosimama wima ni Bryan Woo, mara 25 za mwanzo alizoanza mechi zote alifika iningi ya sita au zaidi, hebu fikiri hilo, hakuna siku hata moja alofukuzwa mapema, akamaliza na ushindi 15, halafu Septemba nae msuli wa kifua ukamuuma. Na bado tukashinda 90!

Kwa hivyo hesabu yangu ni nyepesi. Gilbert, Kirby, Woo, Miller na Luis Castillo wakipanda wote watano miezi sita bila kwenda kwa daktari, hii timu haihitaji mtu wa nne wa kupiga homurani, yahitaji mabao manne kwa mechi basi. Nyuma yao wako Muñoz, Matt Brash, Gabe Speier, na sasa tumeongeza José Ferrer kutoka Washington, mkono wa kushoto, arusha moto. Najua kuna watu walilia Harry Ford kutolewa kwa ajili ya Ferrer, lakini Ford ni mdakaji, na mbele yake yuko Cal, angekaa benchi mpaka aote mvi.

Hio ya Bazardo sitaki hata kuisoma, nimeruka hiyo paragrafu.

Dodgers Damu Nyali

Poleni Mabaharia. Sisi Los Angeles Dodgers tulibeba ubingwa 2024 tukabeba 2025, hao Toronto walowatoa nyinyi tuliwamaliza mechi ya saba iningi ya 11. Na juzi tumemchukua Kyle Tucker na Edwin Díaz. Nyinyi mko kwenye mchuzi, sisi tuko kwenye biriani.

Kuli wa Kilindini

Nilijua tu utakuja wewe, mtu wa Nyali hakosi penye biriani ya wenyewe. Tucker mmempa milioni 240 kwa miaka minne, yaani milioni 60 kwa mwaka mmoja. Naylor wetu miaka mitano yote ni 92.5. Ukimpa mtu pesa hizo za Tucker ukashindwa ndo wa kushangaza, ukishinda si umenunua sokoni tu. Toka hapa.

Fundi, hio ya hewa nzito nimeielewa kuliko vile wale jamaa wa televisheni waielezavyo, asante. Lakini hujanijibu. Warushaji wakiwa wazima mechi zaisha 2-1, 3-2, sawa, na ndo mechi hizo ambazo wahitaji mtu mmoja wa chini akupe kitu. Mechi ya Detroit aliepiga mpira wa mwisho ni nani? Polanco. Yuko wapi sasa? New York.

Mgeni Bombolulu

Samahani nyote mimi ni mgeni kwa huu mchezo, nimeanza kutizama mwaka jana kwa sababu ya huyo Cal na zile homurani 60 zake, nilisikia wamwita Big Dumper nikadhani ni lori la mchanga. Maswali mawili. Moja, besi ya bure ni nini, kwani mtu apewaje besi bure? Mbili, nimesoma kua mwaka huu kuna roboti itakua refa, ni kweli ama ni umbea?

Mwalimu wa Raundasi

Karibu mwanangu, maswali mazuri na usione haya, hapa hakuna aliezaliwa anajua.

Mimi nimefundisha wasichana raundasi shuleni miaka mingi sana kwa hivyo nitakueleza kwa njia hio. Mrushaji arusha, na kuna kisanduku cha hewani juu ya bamba la chini mbele ya mpigaji, upana wa bamba, urefu kutoka magotini mpaka kama kifuani. Mpira ukipita ndani na hukuupiga ni straiki, tatu umetoka. Ukipita nje na hukuutaka ni boli, nne wapewa besi ya kwanza watembea kwa miguu yako polepole kama bibi harusi. Sasa mtu kama Cal warushaji wamwogopa, wamrushia nje nje makusudi, bora atembee kuliko aupige ukaenda baharini. Ndo hofu ya kuli hapo juu, kwamba watamtembeza Cal na wenzake kwa sababu walo nyuma hawatishi.

Roboti ni kweli nusu. Refa wa binadamu bado yuko pale na ndie anaesema straiki au boli. Ila mwaka huu kila timu yaanza mechi na rufaa mbili. Mpigaji, mrushaji au mdakaji, hao watatu tu, meneja haruhusiwi, akiona refa kakosea agonga kofia yake kwa mkono, tap tap, pale pale, hana ruhusa ya kutizama benchi aulize. Kamera zaonyesha mpira ulipita wapi kwenye skrini kubwa uwanja mzima waona. Ukiwa sahihi rufaa yako yabaki, ukikosea imeenda. Zitizame kwenye hizi mechi za kambi, utaona mtu agonga kofia halafu wote wamesimama wameinua shingo kama watu wa kivuko wangojea feri.

Na hapo ndo nataka kumwambia kuli na fundi jambo ambalo hamjaligusa. Cal si mpigaji tu, ni mdakaji, na mdakaji hodari kazi yake moja ni kuudaka mpira ulopita nje kidogo na kuurudisha ndani kwa mkono taratibu mpaka refa aone ni straiki. Ni ufundi, ni uongo mtamu. Cal ni bingwa wake, mwaka 2024 walimpa Platinum Glove, tuzo ya ulinzi bora. Sasa mpigaji akiwa na rufaa mkononi ule uongo waweza kufichuliwa. Kwa upande wa pili mdakaji ndie mwenye kuona vizuri kushinda wote, kwa hivyo timu yenye mdakaji mwenye jicho na utulivu itashinda rufaa nyingi. Mimi naona tutafaidi kuliko tutakavyopoteza, lakini tusubiri tuone Cal ana hasira kiasi gani, mana mtu mwenye hasira agonga kofia ovyo.

Na jengine. Hizo 60 zisahauni. Hakuna mdakaji aliewahi kupiga zaidi ya 48 kwa msimu, ilikua ya Salvador Perez mwaka 2021, na kwa wapigaji wa mikono yote miwili rekodi ilikua 54 za Mickey Mantle tangu 1961. Cal alizipita zote mbili mwaka mmoja. Kabla ya hapo alipiga 27, halafu 30, halafu 34. Mwaka jana alicheza mechi 159 kati ya 162, na nusu ya kazi yake ni kuchuchumaa. Mimi nilikua nikichuchumaa kuwaonyesha wasichana kudaka, dakika kumi tu, usiku natafuta mafuta ya kuchua. Akipiga 40 mwaka huu nitamshukuru na nitamwombea magoti yake.

Mgeni Bombolulu

Asante sana mwalimu, kama bibi harusi hio sitaisahau. Kwa hivyo na mdakaji wa akiba ni nani kama Ford katolewa?

Fundi AC Tudor

Andrew Knizner, mtu wa kushika nafasi tu. Ndo hapo sasa mwalimu aniunga mkono bila kujua, goti la Cal likilia hatuna dawa, na hilo, kuli, halina uhusiano na Polanco.

Halafu mna habari kua wiki hizi watu wetu wanaondoka kambini kwenda kucheza WBC, mashindano ya mataifa? Cal na Marekani, Julio na Dominika, Randy Arozarena na Meksiko. Katikati ya maandalizi! Mimi mashindano ya mataifa nayapenda lakini huyo Díaz ambae jamaa wa Nyali ajivunia nae hapo juu, mwaka 2023 aliumia goti kwenye hayo hayo mashindano, wala si kwa kurusha, ni kwa kuruka ruka kusherehekea ushindi wa Puerto Rico, msimu mzima ukaenda. Kuruka ruka! Mimi nikiona Julio aruka nafunga macho.

Dodgers Damu Nyali

Hio ilikua zamani, goti lake sasa ni chuma.

Baharia Mstaafu Kibokoni

Salaam wanangu. Nimesoma yote, macho haya ya kizee na simu ya mjukuu, imenichukua nusu saa.

Mimi Seattle nimefika kwa meli mara tatu. Mara ya pili ilikua Oktoba 1995, twapakia, na pale gatini ukiinua macho waona jumba kubwa la zege la mviringo kama sufuria lilopinduliwa, Kingdome, ndo uwanja wao wakati huo, walilivunja kwa baruti mwaka 2000. Sikua nikijua besiboli hata kidogo. Siku ya Jumapili tuko sitahani twasafisha, tukasikia mji umepiga mayowe, halafu magari honi, halafu meli nyengine pale jirani ikapiga king'ora nayo, sisi tukadhani kuna moto. Kumbe Edgar Martinez kapiga mpira iningi ya 11, Ken Griffey mdogo katimka kutoka besi ya kwanza mpaka nyumbani, wamewatoa New York Yankees. Bosun wetu Mfilipino akanieleza usiku ule kwa vijiti vya kiberiti juu ya meza ya chakula, huyu hapa, yuwakimbia hapa, na mpaka leo nikitizama nakiona kile kiberiti.

Mwaka 2001 ndo walikua na kikosi ambacho nyinyi mkikiona mtalia. Ichiro Suzuki ndo kwanza ametoka Japani, kachukua mchezaji bora na mgeni bora mwaka mmoja. Wakashinda mechi 116. Wakafika kwa Yankees, wakatolewa kwa mechi tano. Halafu mtoano tena ni 2022, miaka ishirini na moja, mimi nilioza watoto wawili katikati hapo.

Kwa hivyo kuli, hilo swali lako la vipande vitatu vya nyama. Kile kikosi cha 2001 kilikua na nyama mpaka ukingoni mwa chungu. Mimi naangalia kitu kengine. Naangalia yule bwana Wilson. Alikua mdakaji wao mwenyewe, na mwaka 1995 alikuwepo uwanjani, kwa hivyo roho ya Seattle anayo. Lakini usiku ule wa Toronto nilimwona vile amesimama pale ngazini, mikono mfukoni, alikua kama nahodha anaemngojea rubani aje apandishe meli bandarini na mawimbi yashamfika. Muñoz alikuwepo. Ulinzi wa mwisho wamwekea nani, iningi ya tisa isiyokuja? Akiwa amejifunza hilo, wapeni hata wapigaji wawili, watafika. Kama hajajifunza mleteni Babe Ruth, yule mpigaji gwiji wa zamani, kutoka kaburini, watatolewa vile vile.

Kuli wa Kilindini

Shikamoo mzee wangu. Hio ya kiberiti nimemsomea mke wangu, amesema uje ufuturu kwetu uisimulie mwenyewe, Alhamisi kama waweza, kuna tambi na viazi vya nazi.

Sasa mmenibana kila upande. Fundi asema ni warushaji, mwalimu asema ni goti, mzee asema ni meneja, na mimi nimeshikilia mchuzi wangu. Nimekaa nikapiga hesabu upya leo bandarini wakati twangojea meli iingie. Kitu kimoja sikukisema hapo mwanzo ni Donovan atapiga wapi. Mimi nilimweka chini kwa sababu hana homurani nyingi, lakini huyo mtu kazi yake ni kufika besi, hatolewi kijinga, na anashika besi ya pili, ya tatu, hata nje kushoto. Ukimweka wa kwanza kabisa, halafu Cal, halafu Julio, halafu Naylor, basi Cal akija kupiga kuna mtu besini tayari, na hapo kumtembeza Cal ni kumsogeza Donovan bure. Mwaka jana homurani ngapi za Cal zilikua za bao moja moja, peupe? Nyingi. Kwa hivyo huenda nyama si kipande cha nne, huenda ni mtu wa kutangulia. Mmenigeuza nusu.

Lakini nusu tu! Besi ya tatu bado siioni vizuri, Ben Williamson tumemtoa kwenda Tampa Bay kwa ajili ya huyo huyo Donovan, na yule kijana Jurrangelo Cijntje arushae kwa mkono wa kulia na wa kushoto tumempa St. Louis, hio inaniuma, nilitaka sana watoto wangu wamuone. Kwa hivyo Donovan akicheza besi ya tatu, ya pili ni ya Cole Young, ambae mwaka jana alikua akijifunza. Na Colt Emerson wote wasema ni lulu lakini bado ni mtoto. Crawford na Arozarena mikataba yao yaisha mwaka huu, hao watacheza na roho, mtu anaetafuta mkate wa mwakani hachezi ovyo. Na Julio jamani, homurani 32 na besi 30 za kuiba mwaka jana, lakini kila mwaka huamka Juni. Mtu amwambie msimu waanza Machi.

Nasema tutashinda mechi 92, tunachukua kundi tena. World Series siweki mdomo wangu, nimeungua.

Fundi AC Tudor

94, Kirby akiwa mzima. Na rufaa zote mbili atazimaliza Naylor iningi ya kwanza, huyo hasira ziko puani.

Mwalimu wa Raundasi

Wapigaji nyote mwawataja, na hakuna aliemtaja Rob Refsnyder, mkono wa kulia, kaja makusudi kupiga warushaji wa kushoto. Ndo nyinyi mlokua mkisinzia darasani. 91.

Kuli wa Kilindini

Mwalimu nisamehe, nilimsahau kweli.

Basi wanafungua nyumbani na Cleveland Guardians tarehe 26 Machi jioni ya kule, huku kwetu ni Ijumaa tarehe 27 alfajiri, Idi itakua ishapita. Tukitoka msikitini hatutakua tumekosa zaidi ya iningi moja. Barazani kwangu pana nafasi ya watu wanane wakibanana, shemeji amenitumia waya wa kuunganisha simu na televisheni, nimeujaribu jana washika. Mahamri na mbaazi juu yangu, kahawa aje nayo fundi. Mgeni wa Bombolulu karibu, tuktuk za mapema huwa ziko pale stejini kuanzia saa kumi na nusu.

Mgeni Bombolulu

Nitakuja inshallah. Nije na kofia ama mwauza huko?

Dodgers Damu Nyali

Na mimi je?

Kuli wa Kilindini

Njoo. Ila hio kofia ya buluu ya LA iache kwako, na biriani uje nayo.